Si Mlevi, ni Mgonjwa: Madonge Yaliyojificha Ubongoni na Jinsi Yanavyotafutwa

Asubuhi moja ya mwaka 1968, katika jiji la Los Angeles nchini Marekani, mama mmoja wa makamo alikuwa akivuka barabara kuelekea mahakamani, alikokuwa ameitwa kutumika kama mzee wa baraza. Askari polisi aliyekuwa karibu alimwona akiyumba, miguu ikimpeleka huku na huku, akamkemea: je, haoni haya kulewa mapema namna ile? Mama huyo, Leonore Wexler, hakuwa ameonja pombe hata tone. Alikuwa mtu msomi, mwenye shahada ya elimu ya wanyama, na aibu iliyompata siku ile ilimpeleka kwa daktari. Hapo ndipo alipoambiwa jina la maradhi yake. Halikuwa jina geni kwake. Maradhi hayo hayo yalikuwa yamemwua baba yake, na kaka zake watatu wote yalikuwa yamewapata.

Hatumtaji askari yule kwa nia ya kumlaumu. Aliona alichokiona: mwendo wa kupepesuka, mikono isiyotulia. Kazi yake ilikuwa imemfundisha kwamba dalili hizo ni za mlevi, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Wala si askari peke yao wanaokosea. Katika mwaka 1952 Dakta Américo Negrette, kijana aliyekuwa amepelekwa kutibu watu katika kitongoji cha San Luis, kando ya Ziwa Maracaibo nchini Venezuela, aliwaona watu wakiyumba njiani mchana kweupe, akadhani amepangiwa kazi katika mtaa wa walevi. Wenyeji wenyewe ndio waliomsahihisha: hao ni wagonjwa, Daktari, na wazazi wao walikuwa hivyo hivyo.

Tumtaje na mtu wa tatu, kwa kuwa habari zake zinajulikana duniani kote. Woody Guthrie, mwimbaji mashuhuri wa Marekani, alitumika katika meli za mizigo wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha akaingizwa jeshini mwaka 1945. Baada ya vita mwenendo wake ulibadilika. Hasira zilimjia bila sababu, mikono ikaanza kumsaliti katika gitaa, maneno yakamchanganyika. Ni kweli kwamba alikuwa akinywa, na jambo hilo ndilo lililowapotosha waliokuwa wakimtazama. Mwaka 1952 madaktari waliutambua ugonjwa wake, ule ule uliomwua mama yake katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Oklahoma. Hata hivyo, mwaka 1956 polisi wa jimbo la New Jersey walimwokota akitangatanga barabarani, naye akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Greystone Park. Alikufa mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 55.

Maradhi yenyewe huitwa maradhi ya Huntington, kwa jina la daktari wa Marekani, George Huntington, aliyeyaeleza vizuri mwaka 1872 akiwa kijana wa miaka 22 tu. Huntington alikuwa na faida ambayo wengi hawana: baba yake na babu yake walikuwa madaktari katika sehemu ile ile ya Long Island, wakawatibu watu wa koo zile zile, na daftari zao zilimwonyesha jinsi ugonjwa ulivyoshuka kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto na mjukuu. Mwenyewe alisimulia kwamba akiwa mtoto mdogo, katika safari na baba yake, waliwakuta njiani wanawake wawili, mama na binti yake, warefu na wembamba, wakijipinda na kukunja nyuso. Hakuisahau sura ile.

Huanza, mara nyingi, mtu akiwa kati ya miaka 30 na 50, yaani wakati ambapo amekwisha kuoa au kuolewa na kuzaa watoto. Mwanzo wake ni mambo madogo: mtu mpole anakuwa mkali, mhasibu hodari anaanza kukosea hesabu, vyombo vinamponyoka mkononi. Baadaye viungo huanza kucheza vyenyewe bila amri ya mwenyewe, mwendo huharibika, ulimi huwa mzito, kumeza huwa taabu, na akili hupungua. Kutoka dalili za kwanza hadi kifo hupita kwa kawaida miaka 15 hadi 20. Dawa ya kuyaponya bado haijapatikana, ingawa zipo za kutuliza viungo na fadhaa. Maradhi haya hayaambukizi kwa kugusana, kula pamoja wala kulala nyumba moja. Njia yake ni moja tu: damu ya uzazi. Kila mtoto wa mgonjwa, awe wa kiume au wa kike, yumo katika bahati ya sarafu iliyorushwa juu. Upande mmoja amerithi, upande wa pili ameepuka. Aliyeepuka hawezi kumpa mtoto wake kile ambacho yeye mwenyewe hanacho, na hapo uzi hukatika katika tawi hilo la ukoo.

Sasa, ni kitu gani kinachorithiwa? Jibu lilitafutwa kwa muda mrefu, na sehemu kubwa ya sifa inawaendea watu wa Ziwa Maracaibo wenyewe. Kuanzia mwaka 1979 Nancy Wexler, binti wa yule mama wa Los Angeles, alikwenda huko kila mwaka pamoja na wataalamu wengine, wakaandika nasaba za watu wa San Luis, Barranquitas na Laguneta. Nasaba hizo zilifika vizazi kumi na watu zaidi ya 18,000, wengi wao wakiwa wajukuu na vitukuu vya mama mmoja aliyeishi mwanzoni mwa karne ya 19. Watu hawakupenda kutolewa damu, na nani angewalaumu? Wageni waje kutoka ng'ambo, wachukue damu yako, kisha waende zao! Jambo lililowalainisha lilikuwa kovu. Nancy alikuwa amekatwa kipande kidogo cha ngozi ya mkono kwa ajili ya uchunguzi ule ule, na muuguzi aliyefuatana naye aliuinua mkono ule mbele ya watu, ili wote waone kwamba huyu naye ni mtoto wa ukoo wenye maradhi. Ndipo walipokubali.

Kwa damu ile, mwaka 1983 James Gusella na wenzake walitambua kwamba kasoro iko katika kromosomu ya nne. Ikachukua miaka kumi mingine, hadi mwaka 1993, kuipata jeni yenyewe, nayo ilipatikana kwa kazi ya pamoja ya wataalamu 58 wa maabara mbalimbali.

Jeni tunaweza kuilinganisha na amri iliyoandikwa na kuhifadhiwa makao makuu. Chembe hai za mwili, yaani seli, huisoma amri hiyo na kutengeneza protini kama ilivyoagizwa. Protini inayohusika hapa huitwa hantingtini, nayo ni mfano wa tungo refu la shanga 3,144, lililokunjwa kwa namna yake maalumu. Karibu na mwanzo wa amri hiyo kuna neno moja la herufi tatu za kemia, C, A na G, ambalo hurudiwa mara kadhaa mfululizo. Kila CAG moja huagiza ushanga mmoja wa aina iitwayo glutamini. Kwa watu wengi neno hilo hurudiwa chini ya mara 27. Kwa mgonjwa, mwandishi wa amri ni kama aliyeshikwa na kigugumizi. Likirudiwa mara 36 hadi 39 huenda mtu akaugua au asiugue. Likifika mara 40 au kuzidi, ataugua iwapo atajaliwa umri wa kutosha.

Shanga za glutamini zikizidi namna hiyo, hunata. Protini haikunjwi sawasawa, moja hujibandika kwa nyingine, zile mbili huvuta ya tatu, hatimaye panakuwa na donge, kama yale yanayotokea katika uji uliokorogwa ovyo. Mwaka 1997 madonge hayo yalionekana kwa mara ya kwanza kwa hadubini. Kundi la Gillian Bates na Stephen Davies huko London liliyaona ndani ya seli za ubongo wa panya waliokuwa wametiwa kipande cha jeni ya binadamu. Kundi la Erich Wanker huko Berlin lilionyesha kwamba protini hiyo hujibonga yenyewe hata katika chupa ya maabara. Na Marian DiFiglia na wenzake wakayaonyesha katika ubongo wa wagonjwa waliokufa.

Waliokufa. Hapo ndipo penye ugumu wote wa habari yetu. Ubongo umefungwa ndani ya fuvu, na sehemu inayoharibika kwanza katika maradhi haya iko kilindini kabisa. Hakuna daktari awezaye kumkata mtu hai kipande cha ubongo ili atazame kama kuna madonge, kama anavyoweza kuchukua tone la damu na kutafuta wadudu wa malaria. Kwa hiyo kwa miaka mingi ushahidi ulipatikana baada ya mtuhumiwa kumaliza kazi yake na mwenye nyumba kuzikwa.

Msomaji anaweza kuuliza: kwani kipimo cha jeni hakitoshi? Tangu mwaka 1993 mtu anaweza kupimwa damu na kuambiwa kwa hakika kama amerithi au hakurithi. Kipimo hicho, hata hivyo, husema tu kwamba adui atakuja. Hakisemi ni lini, wala hakisemi kama sasa hivi yuko mlangoni au angali mbali. Na tena hakibadiliki: mgonjwa akipewa dawa nzuri au mbaya, jeni katika damu yake itasomwa vile vile. Daktari anayejaribu dawa mpya anahitaji kipimo kinachopanda na kushuka pamoja na ugonjwa wenyewe. La sivyo, itambidi angoje miaka mingi kuona kama mtu ameugua au la. Pamoja na hayo yote, wengi wa watoto wa wagonjwa wamechagua kutokujua. Nancy Wexler mwenyewe, aliyefanya kazi kubwa kuliko watu wengi ili kipimo kile kipatikane, hakutaka kupimwa. Ni mwaka 2020 tu alipotangaza hadharani kwamba naye yu mgonjwa, jambo ambalo waliomwona akitembea walikuwa wamekwisha kulikisia. Sisi hatuoni kwamba huo ni woga. Kujua jambo ambalo huwezi kulizuia ni mzigo, na kila mtu ajuaye nguvu za bega lake ndiye wa kuamua.

Basi, wataalamu wakatafuta nyayo. Ubongo na uti wa mgongo huogelea katika maji safi, na seli inapougua au kufa, kidogo cha vilivyomo ndani yake huvujia humo. Mwaka 2015 Edward Wild na wenzake katika Chuo Kikuu cha London walieleza jinsi walivyoipata hantingtini yenye kasoro katika maji hayo, yaliyovutwa kwa sindano kutoka mgongoni mwa wagonjwa walio hai. Kiasi chake ni kidogo mno hata vipimo vya kawaida haviioni. Ilibidi watumie mtambo unaohesabu molekuli moja moja. Waliipata hata kwa watu waliorithi jeni lakini bado hawajaonyesha dalili, na kadiri ugonjwa ulivyokuwa umesonga mbele, ndivyo ilivyozidi.

Mwaka huo huo kundi moja la California lilijaribu njia nyingine, ambayo mama zetu wangeielewa upesi kuliko wengi wetu. Mtu akitaka maziwa yagande, hutia ndani yake kijiko kimoja cha maziwa yaliyokwisha kuganda, na yale mapya hufuata mfano wa yale ya zamani. Protini zilizonata zina tabia kama hiyo: donge dogo likikutana na protini ambazo bado hazijashikana, huzifundisha kushikana. Wachunguzi walichukua maji ya mgongo ya wagonjwa wa Huntington, wakayachanganya na protini iliyotengenezwa maabara, wakaona kwamba maji hayo yanaiharakisha protini kuganda, ilhali ya watu wazima wa afya hayakufanya hivyo. Uzuri wa njia hii ni kwamba haiulizi tu kama protini ipo. Inauliza kama ina ile tabia mbaya ya kufanya nyingine ziwe kama yenyewe. Njia za ukoo huo zimekwisha kuwasaidia sana madaktari katika kutambua maradhi mengine ya ubongo yanayotokana na protini zilizokunjwa vibaya. Kwa Huntington bado hazijatoka maabara kufika katika hospitali za kawaida.

Njia ya tatu ni kuyapiga madonge picha yakiwa hapo hapo yalipo. Mgonjwa hudungwa dawa yenye mnururisho kidogo, ambayo imebuniwa ili ijibandike kwenye donge na si kwingineko, kisha mashine hupokea mnururisho unaotoka kichwani na kuchora ramani. Wachunguzi wa Antwerp, Ubelgiji, walieleza mwaka 2022 jinsi walivyofaulu kuyaona hivyo madonge ya hantingtini katika panya walio hai, na dawa za namna hiyo zikaanza kujaribiwa kwa binadamu. Kazi ni ngumu kwa sababu madonge ya Huntington hukaa ndani ya seli, tena mengi yamo katika kiini cha seli. Ni sawa na kumtafuta mtu aliyejifungia chumbani, ndani ya nyumba iliyofungwa, ndani ya boma lenye ukuta.

Hadi hapa msomaji ataona kama kwamba mambo yamenyooka: donge ndilo adui, tulipime, tulivunje. La hasha. Mwaka 2004 Steven Finkbeiner na wenzake wa San Francisco walitoa habari iliyowashangaza wengi. Waliotangulia walikuwa wakitazama seli mara moja, kama anayetazama picha moja ya mtuhumiwa na kutaka kujua maisha yake yote. Finkbeiner alitengeneza hadubini inayojiendesha, ikawa inazirudia seli zile zile siku baada ya siku, ikiandika ni ipi imefanya donge kubwa, ipi haikufanya, na ipi imekufa. Ikaonekana kwamba seli zilizofanya donge kubwa ziliishi zaidi kuliko zile zilizojaa protini mbovu iliyotapakaa bila kukusanywa. Donge kubwa, kwa maneno mengine, yaelekea ni gereza ambamo seli huwafungia wahalifu wake. Walio hatari zaidi ni wale walio huru, peke yao au katika vikundi vidogo. Mwenye kuhesabu wafungwa tu hawezi kujua hali ya usalama mjini.

Kwa hiyo swali la leo limekuwa gumu kuliko lile la mwaka 1997. Haitoshi kuona donge. Yapasa kujua ni lipi linaloua, na lini.

Gharama ya kutojua hilo ilionekana waziwazi mwaka 2021. Dawa moja iitwayo tominerseni, inayotiwa kwa sindano mgongoni, ilikuwa imebuniwa ili kupunguza utengenezaji wa hantingtini. Taarifa ya mwaka 2019 kuhusu wagonjwa 46 ilionyesha kwamba, kwa waliopewa kipimo kikubwa, protini mbovu katika maji ya mgongo ilipungua kwa asilimia kama 40. Kwa mara ya kwanza katika historia ya maradhi haya, chombo kilionyesha kwamba adui anarudi nyuma, na furaha ilienea katika koo nyingi za wagonjwa. Wakaandikishwa wagonjwa 791 wa nchi mbalimbali kwa jaribio kubwa. Mwezi wa Machi 2021 jaribio likasimamishwa kabla ya wakati wake. Waliokuwa wakidungwa mara nyingi zaidi hali yao ilikuwa imezidi kuharibika kuliko ya wale waliodungwa maji matupu. Protini ilipungua, lakini mtu hakupona. Labda dawa yenyewe iliudhuru ubongo. Labda ilipunguza hantingtini njema pamoja na mbaya, kwani haikuchagua. Labda kilichopimwa mgongoni si picha ya kinachotokea kilindini. Kuna mabishano hadi sasa. Tunavyoona sisi, kosa si la kipimo. Kipimo kilisema kweli juu ya kitu kilichoulizwa. Waliokisoma ndio waliodhani kimejibu swali jingine.

Ndiyo maana wengi sasa hutazama pia alama nyingine, iitwayo nyurofilamenti, ambayo ni kipande cha kiunzi cha ndani cha seli za ubongo. Seli ikiharibika, kipande hicho huvujia katika maji ya mgongo, na kidogo hufika hata katika damu ya mkononi. Kundi la London lilieleza mwaka 2017 kwamba kiasi chake katika damu kinakwenda sambamba na maendeleo ya ugonjwa, na mwaka 2020 ikaelezwa kwamba katika maji ya mgongo huanza kupanda kwa baadhi ya vijana ambao, kwa hesabu, bado wana miaka kama 24 kabla ya dalili. Alama hii ni kama moshi. Inakuambia kwamba pana nyumba inaungua, wala haikuambii aliyewasha moto. Moshi huo huo hutoka katika maradhi mengine ya ubongo na hata kwa mtu aliyepigwa kichwani. Mwaka 2022 wataalamu wa nchi mbalimbali walipopanga ngazi rasmi za ugonjwa huu, kabla ya dalili walitegemea jeni na kupungua kwa ubongo katika picha. Vipimo vya protini havikupewa nafasi ya kuamua ngazi, kwa kuwa ushahidi wake ulikuwa haujatosha.

Habari nyingine ilifika mwaka 2025 kutoka Boston. Kundi la Steven McCarroll na wenzake lilichunguza seli moja moja za ubongo wa watu waliokufa, likaona kwamba katika seli zile zinazoharibika, neno CAG halikai katika idadi ile ile mtu aliyozaliwa nayo. Huongezeka polepole kwa miaka mingi, kisha likipita 80 huongezeka kwa kasi, na kwa kadiri walivyoona, seli hubaki salama mpaka idadi ipite 150 hivi. Kama ndivyo, mtu aliyerithi huishi miongo mingi na seli ambazo nyingi zake bado ni nzima, na nafasi ya kumwokoa ni kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Habari hiyo pia inawauliza wapenzi wa madonge swali zito: je, protini ndefu ya kutosha kudhuru hupatikana tu mwishoni, katika seli chache kwa wakati mmoja? Basi ni rahisi kuelewa kwa nini ni vigumu kuipima.

Mwezi wa Septemba mwaka huo huo kampuni ya uniQure ilitangaza kwamba dawa yake, inayotiwa ndani ya ubongo kwa upasuaji wa saa nyingi, ilikuwa imepunguza mwendo wa ugonjwa kwa asilimia 75 katika miaka mitatu. Walioangaliwa kwa muda huo katika kundi la kipimo kikubwa ni 12 tu, na walilinganishwa na kumbukumbu za wagonjwa wengine wasiotibiwa. Ni habari ya kutia moyo, lakini watu 12 hawatoshi kumaliza mashaka.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Si kweli. Ni kweli kwamba maradhi ya Huntington yameandikwa zaidi miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, lakini wagonjwa wapo Afrika pia. Tena mwaka 2001 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walieleza maradhi mengine yanayofanana nayo mno hata daktari hawezi kuyatofautisha kwa macho: yanarithiwa vile vile, yanachezesha viungo vile vile, na madonge yapo ndani ya seli, ila jeni yake ni nyingine, katika kromosomu ya 16. Yaligunduliwa katika ukoo wa Wamarekani weusi, na karibu wote waliopatikana nayo tangu wakati huo ni watu wenye asili ya Afrika, wengi wao wakiwa Afrika Kusini. Kwa sababu hiyo, Mwafrika mwenye dalili zote akipimwa jeni ya Huntington na kuonekana hana, haifai kumwambia kwamba hana ugonjwa wa kurithi. Kwetu vijijini mtu wa namna hii husemwa kwamba amerogwa, au kwamba ukoo wake umelaaniwa, na kwa kuwa dalili huonekana kwa baba kisha kwa mwana, maneno hayo hupata nguvu. Nasaba anaweza kuiandika mzee yeyote wa ukoo mwenye kumbukumbu nzuri, na ndiyo aliyoanza nayo Huntington.

Twarudi barabarani, maana huko ndiko wasomaji wa ukurasa huu wanakofanya kazi. Mtu akiyumba na kusema kwa ulimi mzito, usinuse pombe tu ukamaliza. Mtazame mikono na uso kwa dakika moja. Mlevi hulegea. Mgonjwa wa Huntington hachezi kwa kulegea bali kwa kurukaruka: bega linapanda, vidole vinachezacheza kama mpiga zeze, nyusi zinainuka, ulimi unatoka na kurudi, naye mwenyewe hawezi kuvizuia hata ukimwamuru asimame wima. Kumpigia kelele huzidisha, kwa kuwa fadhaa huongeza mchezo wa viungo. Akichelewa kujibu si kiburi. Akili yake inahitaji muda kulipanga jibu. Muulize kwa sauti ya kawaida kama ana ndugu karibu, na umwite ndugu huyo. Nao wanaotetemeka mikono asubuhi baada ya kulala kilabuni wasijipe hofu kwa kusoma habari hizi. Ugonjwa wao una jina jingine na dawa yake wanaijua.

Vyama vya wagonjwa katika Marekani na Uingereza huwapa watu hawa kadi ndogo ya kutembea nayo mfukoni. Kadi hiyo humweleza askari kwamba mchukuaji ana maradhi ya Huntington, kwamba mwendo na usemi wake vimeharibiwa na ugonjwa wala si pombe, na humpa jina na simu ya mtu wa kumwita.